Likizo na Lugha ya Makabidhiano: Funzo la Kiswahili cha Ofisini kutoka Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufundishwa shuleni kama onyo kwa mfanyabiashara, lakini inamhusu vilevile mfanyakazi wa ofisi anayefunga mlango Ijumaa jioni kwenda likizo. Mali ya ofisi si fedha na samani pekee. Ni ahadi alizopewa mwananchi, maombi yanayosubiri saini, na majina ya watu walioambiwa warudi juma lijalo. Mengi ya hayo hayamo katika daftari lolote. Yamo kichwani mwa mtu mmoja, naye akiondoka huondoka nayo.

Makala haya yanachunguza jinsi kazi ya ofisi inavyopokezanwa mfanyakazi anapokwenda likizo, kwa kutumia mazingira ya Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, na Kakuma, mji ulio umbali wa takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar. Kulundikana kwa kazi wakati wa likizo huchukuliwa kwa kawaida kuwa tatizo la usimamizi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ni tatizo la lugha pia, na kwamba Kiswahili kina nyenzo za msamiati na sarufi zinazoweza kulipunguza zikitumiwa kwa makini.

Likizo: neno na haki

Nomino likizo imetokana na kitenzi likiza, ambacho maana yake mojawapo ni kuachisha, hususan kumwachisha mtoto kunyonya. Asili hii ina funzo. Mama hamwachishi mtoto ziwa kwa siku moja. Humzoesha uji kidogo kidogo, akamtafutia mlezi, ndipo akamwachisha. Mfanyakazi naye hana budi kuiachisha kazi yake mkono wake kwa utaratibu kama huo. Anayeondoka ghafla huiacha kazi ikilia, na kilio hicho humfuata kwa simu hadi nyumbani.

Kisheria, likizo si hisani ya mwajiri. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, baada ya kila miezi 12 ya utumishi mfululizo. Mwajiri anaweza kuigawa likizo hiyo katika sehemu mfanyakazi akiridhia, lakini isipokuwa wamekubaliana vingine, sehemu moja inapaswa kuwa ya majuma mawili ya kazi yasiyokatizwa. Sehemu inayosalia huchukuliwa kabla ya kupita miezi 18 tangu kumalizika kwa kipindi ambacho likizo ilichumwa. Neno la kuzingatiwa ni kutokatizwa. Likizo ambayo kila siku inaingiliwa na swali la "lile jalada uliliweka wapi?" imekatizwa, hata kama mwenyewe yuko mbali na meza yake.

Kwa nini Lodwar na Kakuma

Kaunti ya Turkana ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 926,976. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, Lodwar umekuwa mji wa maofisi: maji, afya, ardhi, mifugo na fedha. Watumishi wengi wa umma na wa mashirika walio huko wametoka sehemu nyingine za nchi. Wenyeji wana msemo wa mzaha kwamba mtu anayesafiri kuelekea kusini "anakwenda Kenya". Mzaha huo unabeba historia ya kutengwa, lakini unaeleza pia hali halisi ya likizo. Anayekwenda mapumzikoni kutoka Lodwar hupita Lokichar na Kainuk, akapanda hadi Kitale, safari ya takriban kilomita 300, kisha huenda akaendelea mbele. Hawezi kurudi alasiri kutia saini aliyoisahau.

Kakuma kuna uzito wa namna nyingine. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko mwaka 1992, walipowasili vijana waliokimbia vita vya Sudan. Makazi ya Kalobeyei yalifuata katika miaka ya 2015 na 2016. Kufikia mwaka 2024, kambi na makazi hayo yalikuwa na watu zaidi ya 250,000. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana utaratibu wa kuwapa wafanyakazi wa vituo vigumu mapumziko mafupi ya mara kwa mara, mbali na likizo ya mwaka. Kwa hiyo katika kituo kama Kakuma makabidhiano si tukio la mara moja kwa mwaka. Ni mwendo wa kawaida wa kazi. Mwaka 2025 fedha za misaada zilipopungua, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilipunguza nafasi za kazi duniani. Pale nafasi zinapopungua, meza moja hubeba kazi za meza mbili, na mwenye meza hiyo akiondoka, pengo huwa kubwa zaidi.

Lugha nayo ina safu zake. Katika ofisi moja ya Kakuma huweza kusikika Ng'aturkana, Kisomali, Kidinka, Kiarabu cha Juba, Kirundi na Kiswahili cha wazawa wa mashariki ya Kongo. Mkenya husema "ameenda livu", Mkongo husema "konje" kutokana na Kifaransa, na Kiswahili sanifu husema "likizo". Mwananchi anayeambiwa habari ya kuondoka kwa afisa huipata mara nyingi kupitia mkalimani. Kama maneno ya awali yalikuwa na utata, tafsiri haitauondoa.

Kaimu, kasimu, kabidhi

Maneno matatu hutumiwa ovyo katika mazungumzo ya makabidhiano, ingawa kila moja lina kazi yake.

Kaimu limetokana na Kiarabu, likiwa na dhana ya anayesimama mahali pa mwingine. Kukaimu ni kusimama katika cheo. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 inaelekeza kwamba uteuzi wa kukaimu katika utumishi wa umma uwe wa muda usiopungua siku 30 na usiozidi miezi 6. Kwa hiyo mtumishi aliyeachiwa meza kwa majuma mawili si kaimu kwa maana ya sheria hiyo, hata kama wenzake wanamwita hivyo.

Kasimu ni kugawa. Kukasimu madaraka ni kumkatia mtu sehemu iliyopimwa ya mamlaka huku mwenyewe akibaki na dhima. Mara nyingi hili ndilo linalohitajika wakati wa likizo: huyu atasaini hati za kupokea bidhaa, yule atajibu barua, lakini hakuna hata mmoja atakayeidhinisha malipo.

Kabidhi ni kutia mkononi. Kitendo hiki kinahitaji pande mbili na kitu kinachoonekana: ufunguo, jalada, orodha, nywila iliyobadilishwa. Kazi iliyotajwa mlangoni kwa kauli ya "nishikie kidogo" haijakabidhiwa. Imedokezwa tu.

Mkanganyiko wa maneno haya huzaa mkanganyiko wa kazi. Anayedhani amekaimu huidhinisha asichokuwa na uwezo nacho. Anayedhani ameshikishwa tu hukataa hata lile aliloruhusiwa kulifanya, na mwananchi akaambiwa angoje mpaka mwenyewe arudi.

Sarufi ya hati ya makabidhiano

Chukuliwe mfano wa kubuni. Afisa wa maji mjini Lodwar anakwenda likizo ya majuma matatu. Pampu ya kisima cha shule moja iliyo mbali na mji imeharibika. Afisa anaandika hivi: "Kazi nyingi zimeshughulikiwa. Suala la kisima linafuatiliwa. Vipuri vitanunuliwa hivi karibuni."

Sentensi hizi hazina kosa la upatanisho wa kisarufi, lakini hazimsaidii anayepokea. Udhaifu wa kwanza uko katika kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Zimeshughulikiwa na nani? Linafuatiliwa na nani? Kiswahili humruhusu mwandishi kumwacha mtenda nje ya sentensi bila sentensi kuharibika. Uhuru huo unafaa katika simulizi, lakini katika makabidhiano unaificha dhima. Kauli ya kutendeka inaficha zaidi: "jalada limepotea", kana kwamba jalada lilijipoteza. Udhaifu wa pili ni vielezi visivyo na kipimo. "Hivi karibuni" ya mwandishi inaweza kuwa siku mbili, na ya msomaji ikawa miezi miwili.

Hati hiyo hiyo ingeweza kuandikwa hivi: "Fundi wa idara ameikagua pampu ya kisima cha shule na kuandika orodha ya vipuri. Orodha imo ukurasa wa 14 wa jalada. Mkuu wa idara ametia saini ombi la ununuzi tarehe 3. Mhasibu hajalipokea. Lisipomfikia kufikia tarehe 10, mpokeaji wa hati hii amwarifu mkuu wa idara kwa barua. Mwalimu mkuu ameahidiwa jibu tarehe 12; apigiwe simu hata kama vipuri havijafika."

Tofauti kubwa imeletwa na viambishi vidogo. Kiambishi -me- kinaonyesha lililokamilika, nacho kimeambatana na mtenda anayejulikana. Kiambishi -sipo- kinaweka sharti: jambo fulani lisipotokea, hatua fulani ifuate. Dhamira tegemezi, kama katika amwarifu na apigiwe, inatoa agizo bila ukali, jambo linalofaa baina ya watumishi wa ngazi moja.

Kiambishi kinachostahili kuangaliwa zaidi ni -ja-. "Mhasibu hakulipokea" na "mhasibu hajalipokea" ni sentensi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inalifunga jambo: halikutokea, basi. Ya pili inaliacha wazi: halijatokea, lakini linatarajiwa. Kwa kiambishi kimoja Kiswahili kinataja kazi isiyokamilika na wajibu wa kuikamilisha. Anayekwenda likizo angeweza kuipanga hati yake yote kwa misingi hiyo: yaliyokwisha kwa -mesha-, yanayoendelea kwa -na-, yasiyotendwa bado kwa -ja-, na yanayotegemea mengine kwa -ki- na -sipo-. Anayepokea akisoma sehemu ya -ja- peke yake, atakuwa ameipata orodha ya kazi yake.

Kabla, wakati na baada

Sarufi pekee haitoshi bila utaratibu. Hati ya makabidhiano inafaa kuanza kuandikwa juma moja kabla ya safari, ili mpokeaji apate nafasi ya kuuliza maswali mwenyewe akiwapo. Ni vyema mpokeaji aisome kwa sauti na kueleza alivyoielewa. Mahali ambapo maelezo yake yanatofautiana na nia ya mwandishi ndipo panapohitaji kuandikwa upya. Kazi zisizoweza kungoja zitenganishwe na zinazoweza kulala, kwa maana si haki kumtwika mwenzake mzigo wote wakati naye ana wake.

Waliokuwa wakihudumiwa nao waarifiwe. Mkimbizi anayefuatilia kibali cha kusafiri anahitaji kujua ni nani atakayempokea, siku gani na katika chumba kipi. Tangazo la mlangoni linalosema "afisa hayupo" linamweleza anachokiona kwa macho. Linalosema "anayehudumu badala yake yuko chumba cha tatu" linampunguzia safari ya bure ya kutoka Kalobeyei, safari ambayo katika jua la huko si jambo dogo.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwenye likizo atarudi, na siku ya kurudi nayo ipangwe. Siku ya kwanza iachwe bila mikutano, ili aliyeshikilia kazi afanye makabidhiano ya kurudisha kwa hati ile ile: kila penye -ja- paandikwe kama sasa ni -me-, au pabaki -ja- pakiwa na sababu. Ofisi nyingi hukumbuka makabidhiano ya kwenda na kusahau ya kurudi, ndipo jambo moja likajibiwa mara mbili na jingine lisijibiwe kabisa.

Hitimisho

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Hata hivyo, maandishi ya ndani ya ofisi nyingi bado ni ya Kiingereza huku maagizo ya mdomo yakiwa ya Kiswahili. Kinachosemwa na kinachoandikwa hakikutani, na wakati wa likizo pengo hilo hulipwa na mwananchi aliye dirishani. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyejifunza njeo, hali na dhamira darasani ana ujuzi unaoweza kutumika Lodwar na Kakuma kesho asubuhi. Akiupeleka huko, mfanyakazi atapumzika, mwenzake hatalemewa, na pampu ya shule haitangoja mtu arudi kutoka Kitale.

Maswali ya mjadala

1. Eleza tofauti ya kimaana kati ya kukaimu, kukasimu na kukabidhi, ukitoa mfano wa kila moja katika mazingira ya ofisi ya kaunti.

2. Zigeuze sentensi zifuatazo ili mtenda na wakati vijulikane: "Barua imejibiwa." "Suala litaangaliwa." "Funguo zimewekwa mahali pake."

3. Jadili dai kwamba kiambishi -ja- kinabeba wajibu ambao njeo ya wakati uliopita haiubebi.

4. Andika hati ya makabidhiano ya ukurasa mmoja kwa niaba ya katibu wa chama cha wanafunzi anayekwenda likizo wakati uchaguzi wa chama unakaribia.