Dondoo Muhimu: Bati Limeng'oka, Fundi Hajafika

Upepo wa masika ukiinua bati usiku, usikimbilie ngazi. Anza na umeme: zima swichi kuu, mradi mikono yako na sakafu ni vikavu. Waya wa nguzoni ukigusa paa, usishike bati, mlango wa chuma wala bomba. Wapigie shirika la umeme, TANESCO, mara moja.

Kisha tazama dari. Jipsamu ikifura imebeba maji, na kila lita ni kilo nzima. Dari lote laweza kuporomoka. Ondoa watoto na godoro, weka ndoo, simama pembeni, halafu toboa tundu dogo penye uvimbe kwa bisibisi uliyoifunga kwenye mpini wa ufagio. Maji yatashuka polepole badala ya kubomoa dari.

Paani usipande kabisa. Bati lililolowa linateleza, na mbao zilizooza hazionekani kutoka juu. Mawe na matairi tuliyozoea kuweka juu ya bati ni hatari: upepo ukirudi, yanaangukia watu. Turubai ulilonalo lifunike kabati, nyaraka na magodoro humo ndani. Chumba chenye bati linalopigapiga kifungeni, mhamie upande ulio imara.

Kukipambazuka, piga picha kabla fundi hajagusa kitu.