Jiwe la Ivuna Ndani ya Tanuri: Namna Joto Linavyofichua Kaboni ya Vimondo

Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini-magharibi mwa Tanganyika. Vipande vilivyookotwa vilifikia gramu 700 hivi tu, lakini jiwe hilo jeusi ndilo lililolipa jina kundi adimu la vimondo liitwalo CI: herufi I ni ya Ivuna. Takribani asilimia 3 ya uzito wake ni kaboni.

Sehemu kubwa ya kaboni hiyo imefungwa katika molekuli kubwa mno, zisizoyeyuka katika maji wala katika spiriti. Hapo ndipo joto huhitajika. Unga kidogo wa jiwe hutiwa katika tanuri dogo lenye gesi ya heli, kisha hupashwa joto ghafla hadi nyuzi 600 au zaidi. Kwa kuwa hakuna oksijeni, molekuli haziungui, bali hukatika vipande. Heli huvisukuma vipande hivyo katika mrija mrefu mwembamba unaovitenganisha, na mwishoni spektrometa huvipima. Mtaalamu wa maabara anayetafuta sumu katika mkojo atavitambua vyombo hivi, isipokuwa labda tanuri.

Hutoka benzini, tolueni, naftalini na nyinginezo. Hata hivyo, hivyo ni vigae, si chungu chenyewe. Na baadhi ya vigae hutengenezwa na joto lenyewe.

Tatizo gumu zaidi ni lile linalomsumbua kila mchukua sampuli ya damu: uchafuzi. Mafuta ya kidole yanatosha kuharibu kipimo. Ndiyo sababu jiwe hupashwa kwanza joto la chini, nyuzi 300 hivi, ili vilivyoganda juujuu vitoke, na chombo kitupu hupitishwa tanurini kwa ulinganisho.

Mwaka 1961 watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba kimondo cha Orgueil, cha kundi hilohilo la CI, kilichoanguka Ufaransa mwaka 1864, kina hidrokaboni zinazofanana na za viumbe hai. Mabishano yakawa makali. Mwaka 1964 Edward Anders na wenzake walichunguza kipande kingine cha Orgueil kilichohifadhiwa katika chupa, wakakuta ndani yake mbegu. Ilikuwa ya mmea wa hapa duniani, imepachikwa pamoja na chembe za makaa ya mawe, na juu yake mtu alikuwa amepaka gundi ili ifanane na ganda la kimondo.