Matunzo ya Wenye Ulemavu: Nani Atoe Fedha?

Wahenga walisema, "Hujafa hujaumbika." Maana yake, mtu asicheke kilema cha mwenziwe, kwa kuwa hajui mwisho wake mwenyewe utakuwaje. Katika somo hili nataka tulitazame jambo moja linalofuatana na methali hiyo: mtu asiyejiweza atunzwe na nani, na gharama itoke katika mfuko gani?

Tuanze hapa kwetu Nakivale. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Yamo katika wilaya ya Isingiro, iliyokatwa kutoka wilaya ya Mbarara mwaka 2005. Desturi ya Uganda ni kumpa mkimbizi mahali pa kujenga na kipande cha shamba, ajitegemee. Ni desturi njema, nayo imesifiwa duniani. Lakini jembe lataka mikono na miguu. Shangazi yangu hawezi kutembea. Shamba lake limefunikwa na majani, na binti yake aliacha shule darasa la sita ili amchotee maji, ampikie, amgeuze kitandani, na kumshikia foleni siku ya mgawo. Ulemavu wa mtu mmoja umesimamisha maisha ya wawili.

Nimewasikiliza watu wakibishana juu ya jambo hili, hapa Base Camp na hata sokoni Mbarara. Naona maoni yao ni ya namna tatu.

Kwanza, wako wasemao kwamba matunzo ni kazi ya jamaa. Neno hili lina heshima ndani yake. Walakini jamaa wengi wa mkimbizi walibaki nyuma au walikufa; na hata wakiwapo, mara nyingi mzigo humwangukia msichana.

Pili, wako wasemao kwamba ni kazi ya mashirika. Kweli, yamesaidia sana. Kule Mbarara, katika hospitali ya misheni ya Ruharo, kuna kituo kiitwacho OURS kinachowahudumia watoto wenye ulemavu. Lakini fedha za wafadhili hupanda na kushuka. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgawo wa wakimbizi kwa asilimia 30, na mwaka 2023 likaanza kuwagawa watu katika makundi kwa kadiri ya uhitaji wao. Chakula kikipungua, jirani aliyekuwa akimmegea asiyejiweza hana tena cha kumega.

Tatu, wako wasemao kwamba ni kazi ya serikali. Hao wana hoja. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 35, inalipa wajibu huo taifa pamoja na jamii. Mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2020 sheria mpya ikaanza kazi. Sheria zipo, kilichopungua ni fedha. Mpango wa kuwapa wazee shilingi 25,000 kwa mwezi ni wa raia, nao hutazama umri. Ruzuku maalumu ya wenye ulemavu hupewa vikundi ili vifanye biashara au vifuge; asiyeweza kuondoka kitandani haimfikii.

Wengine watajibu kwamba nchi zetu ni maskini, gharama hiyo hatuiwezi. Lakini tazameni: jirani zetu wa Kenya, tangu mwaka 2011, wana mpango wa kuzipa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 za Kenya kila mwezi. Tena, gharama inalipwa hata leo. Anayeilipa ni yule msichana aliyeacha shule.

Kwa hiyo nashauri hivi. Jamaa watoe upendo na mikono yao. Mashirika yatoe matibabu na viti vya magurudumu. Na serikali, pamoja na wale wanaoisaidia, iweke fedha ya kila mwezi isiyokatika, kwa ajili ya asiyejiweza na mlezi wake, awe raia au mkimbizi. Mkono mmoja haulei mwana.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini shamba peke yake halimsaidii kila mkimbizi?
2. Je, mlezi alipwe ujira, ijapokuwa anamtunza mama yake mwenyewe?
3. Katika kijiji chako, ni mwanafunzi gani aliyeacha masomo kwa sababu hiyo, na shule yaweza kumsaidiaje arudi?