Somo la Robo Hii: Punda Anapofiwa na Mwenzake

Ukurasa huu wa mafunzo kwa kawaida huzungumzia mbegu, visima, majiko sanifu na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunaleta jambo ambalo hatujaliona kwenye ajenda ya kikao chochote: yule mnyama anayebaki zizini baada ya mwenzake kufa. Tunajua wapo watakaotabasamu wakisoma kichwa cha habari. Tunawaomba wavumilie, maana zipo familia huku Tarime na Serengeti ambazo kifo cha punda mmoja kimefuatwa na kifo cha pili ndani ya wiki mbili, na mama wa nyumba akarudi kubeba maji kichwani.

Tuanze na swali la wageni wetu, ambao huuliza kwa nini huku hakuna farasi. Mbung'o wa maporini huleta nagana, na usubi hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huweza kumaliza zizi zima la farasi kwa muda mfupi. Wamewahi kuletwa farasi wa kupandwa na watalii kwenye kilima cha Sasakwa, upande wa Grumeti, lakini hao hutunzwa kwa gharama ambayo mkulima hawezi kuibeba. Punda naye huugua nagana, ila huvumilia zaidi, na ule ugonjwa wa farasi mara nyingi humpitia kwa wepesi. Ndiyo maana punda ndiye farasi wetu.

Huko Ulaya na Marekani wapo farasi wadogo sana, ambao kimo chao begani hakifiki mita moja. Hawalimi wala hawabebi mizigo. Watu wengi huwafuga kwa ajili ya kuwa nao tu, au kwa ajili ya kumliwaza farasi mkubwa asiyependa kukaa peke yake. Mmoja akifa, wenye nyumba hulia, na wanaeleza kwamba mwenzake naye alikataa chakula. Tulipowasimulia wazee wa kijiji kimoja habari hizi walitikisa vichwa, wakasema hayo ni mambo ya watu walioshiba. Akina mama waliokuwa wamekaa pembeni hawakutikisa vichwa. Wao ndio wanaokwenda mtoni na punda kila siku.

Hesabu yao ni rahisi. Dumu la maji ni lita 20, yaani kilo 20, na mama hubeba moja kichwani. Punda mzima mwenye afya hubeba madumu matatu, wengine humtwisha manne, na manne ni kilo 80, mzigo ambao kwa punda wetu wadogo tunauona ni mzito mno. Hata kwa matatu, safari tatu zimekuwa moja. Muda uliobaki ndio unaomwezesha binti kufika shuleni kabla kengele haijalia, na mama kupalilia mihogo kabla jua halijawa kali. Punda wawili hupeleka mahindi mashineni na kuleta kuni siku hiyohiyo. Kwa hiyo anayesema punda ni mnyama tu, aulize kwanza nani atabeba kesho.

Sasa tuje kwenye urafiki wao. Wafugaji wanajua kwamba punda wawili waliolelewa pamoja hawaachani. Hulisha pua kwa pua, hukunana shingoni kwa meno, husimama mmoja akielekea huku na mwingine kule ili kila mkia ufukuze nzi usoni kwa mwenzake. Wataalamu nao wamelithibitisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba punda wengi wana mwenzi mmoja maalumu wanayekaa karibu naye kuliko wengine, na wakipewa nafasi ya kuchagua humfuata yeye, wakamwacha hata punda mwingine wanayemfahamu. Urafiki huo si wa dume na jike tu. Majike wawili huwa hivyo, mama na mwanawe aliyekwisha kukua huwa hivyo, na punda akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 25 na zaidi. Ni muda mrefu wa kuzoeana.

Mmoja akifa, anayebaki humtafuta. Huzunguka zizi, husimama njiani akitazama upande waliozoea kwenda malishoni, na hulia usiku. Familia moja iliyo jirani na Mugumu ilitueleza kwamba jike lao lilikataa kupita mahali mwenzake alipoburutwa, likasimama hapo mpaka jioni. Watoto walilipelekea majani mabichi, likayanusa likayaacha. Asubuhi baba wa nyumba alilitwisha madumu kama kawaida, tena safari mbili badala ya moja, kwa kuwa sasa lilikuwa peke yake na maji yalihitajika kwa waliokuja kutoa pole. Siku ya nne liliinamisha kichwa chini, masikio yakalegea. Siku ya saba likafa. Jirani mmoja alisema limerogwa.

Halikurogwa. Punda akiacha kula, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta uliyoyaweka akiba na kuyamwaga kwenye damu. Kwa wanyama wengine hilo huleta nafuu, lakini punda hana uwezo mzuri wa kulizuia likishaanza. Damu hujaa mafuta, ini huzidiwa, figo nazo hushindwa, na mnyama hufa hata kama alikuwa mnene. Tena mnene ndiye aliye hatarini zaidi, pamoja na jike lenye mimba au linalonyonyesha. Chanzo kinaweza kuwa ugonjwa, safari ndefu, kuhamishwa ghafla, au huzuni ya kufiwa. Kwa kuwa punda kwa asili huficha maumivu, mwenye nyumba huona amenyamaza tu, akadhani ametulia. Punda aliyetulia hula. Asiyekula siku nzima anahitaji ofisa mifugo siku hiyohiyo, wala asingojewe mpaka Jumatatu.

Nini cha kufanya? La kwanza litawashangaza wengi: msiuondoe mzoga haraka. Wanaotunza punda kwa wingi, kama lile shirika la Uingereza la Donkey Sanctuary lililoanzishwa mwaka 1969, hushauri kwamba anayebaki aachwe karibu na mwili wa mwenzake mpaka yeye mwenyewe aondoke. Atanusa, atasukuma kwa pua, pengine atapiga kwato, kisha baada ya saa chache ataanza kutazama majani. Punda aliyeona hutafuta kidogo. Yule ambaye mwenzake alitoweka tu huendelea kutafuta. Hapo tunakumbuka utafiti wa mwaka 2006 kuhusu tembo wa Amboseli, nchini Kenya, walioonyesha hamu kubwa ya kugusa mafuvu na pembe za tembo wengine kuliko mafuvu ya wanyama wa aina nyingine. Hatudai kwamba tunajua wanawaza nini. Tunachosema ni kwamba kumpa mnyama nafasi ya kunusa hakugharimu chochote.

Lakini hapa pana onyo ambalo tunaomba lisomwe kwa sauti vikaoni. Kama mnyama amekufa ghafla, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au sehemu ya haja, shuku kimeta. Hapo ushauri wa juu haufai hata kidogo. Mfunge anayebaki mbali, watoto wakae mbali, mzoga usipasuliwe, usichunwe, usiliwe, na ofisa mifugo aitwe aelekeze namna ya kuufukia kwa kina au kuuchoma. Vijidudu vya kimeta hukaa ardhini miaka mingi, na sisi tunaoishi kando ya hifadhi tunapaswa kulijua hilo kuliko wengine. Vivyo hivyo kwa punda aliyebadilika tabia kabla ya kufa, akawa mkali, akashindwa kumeza, akatokwa mate: huenda ni kichaa cha mbwa. Usishike mdomo wake. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

La pili ni mapumziko. Punda aliyefiwa asitwishwe mzigo kwa siku kadhaa, mpaka aonekane anakula vizuri. Apewe majani mabichi laini, pumba kidogo, maji safi, na asifungwe peke yake chumbani. Abaki kwenye zizi lake, mahali anapopajua. Sheria ya siku ya mapumziko katika Kutoka 23:12 inamtaja punda kwa jina pamoja na ng'ombe, kwa hiyo si mtindo mpya uliobuniwa na wafadhili.

Tunajua jibu litakalotolewa: maji tutakunywa nini? Ni swali la haki. Mtu mwenye punda mmoja aliyebaki na matanki matupu hawezi kuambiwa apumzishe mnyama halafu aachwe hivyo. Ndiyo maana tunasema jambo hili ni la kamati. Nyumba ya mtu ikifiwa, majirani huleta kuni na maji bila kuagizwa. Tunaomba kamati iwe na orodha ya kaya zenye punda, na kaya moja au mbili zimsaidie aliyepoteza kwa wiki mbili kwa zamu. Safari moja ya ziada kwa punda wa jirani inaweza kumwokoa punda wa pili. Gharama yake ni ndogo kuliko kununua punda mwingine kwa fedha za mradi, na wafadhili wetu watalielewa hilo haraka.

Kwa wenye maksai, mambo yanafanana ingawa si sawa. Maksai wawili waliofundishwa pamoja chini ya nira moja kila mmoja anajua upande wake. Wa kulia akifa, wa kushoto hasogei vizuri na mgeni, huvuta kombo, hugeuka kumtafuta mwenzake mwanzoni mwa mtaro. Vijana humchapa wakidhani ni mkaidi. Wafungwe nira pamoja bila plau kwanza, watembezwe, walishwe pamoja, ndipo walime. Kwa kawaida ng'ombe huzoea, ila wakati wa masika hakuna mwenye subira.

Upo pia msiba usio na mzoga. Ngozi ya punda huchemshwa huko China kutengeneza dawa iitwayo ejiao, na biashara hiyo ilipopamba moto Afrika Mashariki, punda wengi waliibwa usiku na kuchunwa porini. Mnamo Desemba 2022 wataalamu wa bara zima walikutana Dar es Salaam kuzungumzia hatima ya punda, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Kwa aliyeibiwa, tangazo halimrudishi mnyama. Na punda aliyebaki hana cha kunusa. Huyo ndiye wa kuangaliwa kwa karibu kuliko wote, na ndiye anayehitaji mwenzake mpya mapema zaidi.

Na watu je? Tumewaona wanaume wa kwetu, waliokabiliana na wezi wa ng'ombe bila kutetemeka, wakigeuza uso mzoga ulipokuwa unafukiwa. Tumeona pia watoto wakikemewa kwa kulia. Tunawaomba makatekista wasome tena 2 Samweli sura ya 12. Nabii Nathani alipotaka kumgusa mfalme moyoni, alimsimulia habari za maskini aliyempenda mwanakondoo wake mmoja kama binti yake. Daudi hakucheka. Alikasirika sana kwa ajili ya maskini yule. Mtoto anayelia kwa sababu ya punda amwachiwe alie, na kama anataka kuweka jiwe pale alipofukiwa, aweke.

Tumalizie na mambo ya ugawaji, kwa kuwa maombi ya wanyama wa msimu ujao yameanza kutufikia. Tunaomba kamati zisiandike tena punda mmoja kwa kaya iliyo mbali na kaya nyingine zenye punda. Ama wawili waliozoeana, ama kaya mbili jirani zipewe mmoja mmoja na kukubaliana kuwalisha pamoja. Muuzaji mnadani akisema hawa wawili wametoka zizi moja, msimchukue mmoja kwa sababu bei imepungua. Mwanapunda wa kupitisha kwa kaya inayofuata asiachishwe kunyonya kabla ya miezi sita, na mama yake asibaki bila mwenzake siku hiyo. Mathayo 21 inatuambia kwamba wanafunzi walitumwa kumleta punda pamoja na mwanawe, si mmoja peke yake.

Pale ambapo punda wa pili hapatikani, mbuzi au kondoo anaweza kusaidia kwa muda. Wengi wanakumbuka mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani karibu na Malindi Desemba 2004, baada ya tsunami, akapelekwa Haller Park, Mombasa, akamganda kobe mzee wa Aldabra na kulala naye. Watunzaji hawakuwa wamepanga hivyo. Mbuzi afungwe upande wa pili wa uzio kwa siku mbili tatu kwanza, maana wapo punda wanaong'ata, na ikiwa punda aliyefiwa ni jike lenye mimba, ofisa mifugo ajulishwe hata kama linaonekana linakula.