Usimpigie Fundi Rangi Bado! Vidokezo 9 vya Kurudisha Mng'ao wa Gari Kuukuu

Gari lilishuka bandarini likiwa jekundu. Leo boneti ni ya waridi, paa limepauka, na jirani kila akipita anauliza utalipiga rangi lini. Mwambie asubiri Jumamosi! Rangi nyingi tunazodhani zimekufa zimefunikwa tu na uchafu na ngozi nyembamba iliyochomwa na jua. Ndoo mbili, matambara safi na kopo la polishi vinaweza kukuokolea fedha za gereji.

1. Mwaga maji kabla ya kumwaga hela
Lowanisha boneti, kisha tazama. Rangi ikikolea na kuonekana kama mpya maji yakiwa bado juu, changamka: polishi italimaliza hilo. Lakini ukiona mabaka meupe yenye kingo zinazobanduka hata yakiwa na maji, basi klia, lile tabaka angavu linalofunika rangi, imekufa, na hakuna polishi duniani itakayoifufua. Sehemu hiyo ni ya fundi, ila ni hiyo tu, si gari zima. Asikudanganye mtu.

2. Omo ibaki kwenye beseni la nguo
Sabuni ya unga ni kali, na chembe zake zisipoyeyuka vizuri hukwaruza. Tumia shampuu ya gari. Ndoo moja iwe ya sabuni, ya pili ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi mlangoni. Osha kuanzia paa kushuka chini, kivulini, bodi ikiwa imepoa. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo? Ruksa mara moja tu, siku ya kazi hii, kwa sababu inaondoa waksi ya zamani. Na stili wuli ya jikoni isikaribie kabisa!

3. Vaa mfuko wa mkate mkononi
Usicheke. Gari likishaoshwa na kukauka, ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa nailoni na upapase boneti. (Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya 2017 na Tanzania 2019, lakini ya mkate ipo.) Utasikia vijipele ambavyo vidole vitupu havikuvigundua: lami, utomvu, vumbi la chuma. Lami hutoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, utomvu kwa spiriti, kisha osha tena hapo hapo. Vijipele vinavyobaki vitolewe kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ambao huuzwa kwenye maduka ya vipodozi vya magari. Paka maji ya shampuu, telezesha udongo taratibu bila kukandamiza. Ukidondoka chini, tupa. Umeshabeba mchanga.

4. Anza na dawa laini, kali baadaye
Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo tutulie kidogo. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 140, yaani sehemu ya kumi ya milimita na ushee. Klia peke yake ni kama mikroni 40 au 50, nyembamba kuliko unywele. Kila unaposugua unaipunguza, na hairudi.

Basi chagua eneo dogo lisiloonekana sana, upana wa nusu mita hivi, ulijaribu kwa polishi laini. Weka matone machache kwenye sponji, sugua kwa mistari inayopishana, futa kwa kitambaa laini, kagua. Imetosha? Hongera, endelea hivyo hivyo gari zima. Haijatosha? Ndipo upande hadi kompaundi kali zaidi, halafu umalizie kwa ile laini. Kwenye kingo za boneti na mikunjo ya milango pita kwa upole, maana hapo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine. Zifunike kwa tepu ya karatasi kama mkono wako una haraka.

Kitambaa kikigeuka chekundu usipige kelele! Magari mengine ya zamani hayana klia kabisa, na Toyota nyingi nyeupe za miaka ya nyuma zimo kundi hilo. Kinachotoka ni ile ngozi iliyopauka, na rangi ya kweli iko chini yake. Ila gari lenye klia halipaswi kutoa rangi. Likitoa, acha mara moja.

5. Kucha yako ni kipimo cha bure
Pitisha kucha kwenye mkwaruzo. Isiponasa, polishi inatosha. Ikinasa, utahitaji rangi ya kuziba, na usikisie kwa macho: kuna nyeupe nyingi sana duniani. Tafuta kibati chenye namba ya chesisi, kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti. Kwa Toyota, angalia mstari ulioandikwa C/TR. 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Duka la rangi za magari, liwe Kariakoo au Kirinyaga Road, litakuchanganyia kwa namba hiyo. Paka kwa kijiti cha meno, tabaka jembamba juu ya jembamba, mpaka shimo lijae.

6. Kutu haisubiri mshahara
Wakazi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, hili ni lenu. Hewa ya chumvi haina huruma. Kagua ndani ya matao ya magurudumu, chini ya milango na nyuma ya kibao cha namba. Piga msasa mpaka chuma king'ae, paka dawa ya kutu, kisha praima siku hiyo hiyo. Ukitumia rangi ya kopo la kupuliza, fanya asubuhi isiyo na upepo, nyunyizia maji ardhini vumbi litulie, shika kopo sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye bodi, pita haraka na usubiri dakika 10 au 15 kabla ya tabaka jingine. Vaa barakoa. Klia ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuikausha iwe ngumu) ina kemikali hatari kwa mapafu, hiyo mwachie fundi mwenye vifaa. Na zibua vitundu vilivyo chini ya milango kwa waya laini. Maji yakikwama humo, kutu itaanzia ndani.

7. Dizeli ni ya tangi
Wale wanaokupakia dizeli kwenye bampa nyeusi wanakuuzia mng'ao wa siku mbili na vumbi la wiki nzima, na raba za milango zinalegea taratibu. Nunua dawa ya plastiki.

8. Unataka jekundu liwe jeusi?
Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi yake ya usajili. Kabla ya kubadili, pitia TRA kwa walio Tanzania, au NTSA kwa walio Kenya. Trafiki naye ana macho!

9. Waksi, kisha hama chini ya mwembe
Polishi haina ulinzi, kwa hiyo kazi ikiisha paka waksi, tabaka jembamba sana, na urudie kila miezi miwili au mitatu. Kama maji ya mvua hayasimami tena kwa vitone juu ya boneti, muda umefika. Sehemu iliyopigwa rangi mpya iache mwezi mmoja au zaidi ipumue kwanza. Mwembe una kivuli kizuri, kweli, lakini pia una utomvu, popo na kunguru, na kinyesi cha ndege kikiokwa na jua hula klia. Weka chupa ya maji na kitambaa kwenye buti. Ukikiona, kilowanishe, acha dakika chache kilainike, kisha kiinue bila kusugua.