Somo: Gesi ya Kiyoyozi cha Gari

Vikundi vingine vina gari la pamoja, au vijana wanaojifunza kazi ya gereji. Leo tujifunze juu ya kiyoyozi. Gesi iliyo katika magari mengi, R-134a, haionekani, na ndani ya paipu imebanwa kwa nguvu. Ikitoka huchemka kwa digrii 26 chini ya sifuri. Hapo hugandisha ngozi, na ikiruka machoni inaweza kupofusha.

Basi tushike haya:

1. Kabla ya kufungua nati yoyote, vaa miwani ya kukinga macho na glavu.
2. Fanya kazi mahali penye hewa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Hujaa ndani ya shimo la gereji na fundi hukosa pumzi.
3. Usivute sigara wala kuchomelea karibu. Gesi ikipita kwenye moto hutoa sumu.
4. Usijaze gesi ya kupikia badala yake. Hiyo huwaka.
5. Usiiachilie hewani. Mwenye mashine aivute, aiweke kwenye mtungi.

Ikiingia jichoni, usisugue. Osha kwa maji mengi safi, kisha hospitali upesi.

Tujadiliane: Je, gereji yetu ina miwani? Kama hakuna, nani atainunua, na lini?