Fundisho: Chakula cha Mtoto na Ugonjwa wa Noma

Watu wengi wanafikiri kwamba kinywa kinataka mswaki tu. Ni kweli, inafaa kukisafisha kila siku. Lakini ufizi ni nyama yenye uhai. Unalishwa na damu, na damu inapata nguvu katika chakula. Mtu akikosa chakula chema, ufizi wake unalegea. Tutaona neno hili katika ugonjwa mmoja mkali, jina lake noma.

1. Noma ni nini?

Noma ni ugonjwa unaokula kinywa na uso. Unashika zaidi watoto wa miaka 2 mpaka 6. Kwanza ufizi unakuwa mwekundu, unavimba na kutoka damu upesi. Kinywa kinanuka vibaya, mate yanachuruzika, mtoto anakataa kula. Kisha shavu linavimba. Kwa siku chache tu nyama ya shavu inageuka kuwa nyeusi, inaoza, na tundu linatokea. Pasipo dawa, watoto hata 9 kati ya 10 wanaweza kufa. Anayepona anabaki na uso ulioharibika, na pengine hawezi kufungua kinywa vizuri.

2. Unatoka wapi?

Hautoki kwa uchawi wala kwa laana. Tena hauambukizi. Mtoto ameachishwa ziwa, anapewa bugali wa muhogo kila siku bila kitu cha kujenga mwili. Anashikwa na bwaki. Halafu surua au malaria inakuja juu yake. Hapo vijidudu vya kinywa vinakuta mwili usio na nguvu ya kushindana navyo.

Zamani noma ilikuwa Ulaya vilevile. Watu wa kule walipopata chakula cha kutosha na usafi, ikatoweka. Lakini wakati wa vita ya 1939-1945 ilionekana tena katika kambi za wafungwa, kama Auschwitz na Bergen-Belsen, kwa sababu ya njaa. Basi, noma inafuata njaa.

3. Tumlishe mtoto namna gani?

Mama, nyonyesha mtoto mpaka miaka 2 au zaidi. Akitimiza miezi 6, anza kumpa uji pamoja na unga wa soya, karanga zilizosagwa, yai, au ndakala waliokaushwa na kutwangwa. Lengalenga, sombe iliyopikwa sana, na mafuta mekundu ya mawese vinalinda macho na ngozi ya ndani ya kinywa. Papai, machungwa na mapera vinalinda ufizi usitoke damu. Chai ya sukari na pipi havijengi mwili, tena vinatoboa meno.

Safisha kinywa cha mtoto kila siku. Umpeleke kuchanjwa surua.

4. Ukiona alama

Inua mdomo wa mtoto, tazama ufizi wake, zaidi sana akiwa amekonda au ametoka kuugua surua. Ukiona ufizi unatoka damu au kinywa kinanuka, umpeleke kwa munganga siku ile ile. Usingoje shavu livimbe. Ugonjwa ukiwa mwanzoni, dawa za kuua vijidudu, kusafisha kinywa kwa maji ya chumvi, na chakula chema vinaweza kuuzuia.

Usimfiche mtoto nyumbani kwa haya ya harufu. Yeye hakukosa kitu. Na aliyepona akiwa na alama usoni, tumpe nafasi katika kiti cha kanisa na katika darasa la shule kama wengine. Ugonjwa huu ulifichwa mno hata ukasahauliwa. Ni tarehe 15 Desemba 2023 tu Shirika la Afya Ulimwenguni lilipouandika katika hesabu ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Sisi tusiusahau.

Maulizo

1. Alama za kwanza za noma ni nini?
2. Kwa nini ilitoweka Ulaya?
3. Katika shamba lako kuna chakula gani cha kujenga mwili wa mtoto? Jana alikula kipi?